Chupa ya soda iliyofukuliwa Mushasha: Utajuaje umri wake?

Na Mwandishi Wetu, Gitega

MVUA za Aprili zikishakolea mjini Gitega, udongo mwekundu wa Mushasha huporomoka kando ya njia na kuacha wazi vitu ambavyo watu walivifukia wakidhani wamemalizana navyo. Hutokea majembe yasiyo na mpini, masufuria yaliyotoboka, betri za redio na, kuliko vyote, chupa.

Watoto wa shule huziokota njiani na kuja nazo darasani. Kila mwaka hakosi mmoja anayeingia ameinua chupa juu na kutangaza: "Mwalimu, hii ni ya Wajerumani!"

Mwaka mmoja chupa iliyoletwa kwa kishindo hicho ilikuwa na jina la Fanta ubavuni, kwa rangi nyeupe iliyofifia. Mtoto alikuwa na hoja yake. Alikuwa amesikia kwamba Fanta ilibuniwa Ujerumani, na kwamba Wajerumani waliwahi kututawala. Yote mawili ni kweli. Ila Wajerumani waliondolewa Burundi na Wabelgiji mwaka 1916, na Fanta ilibuniwa mwaka 1940. Chupa ile isingeweza kuachwa na askari wa boma la Kitega hata kwa muujiza.

Hapa kwetu kosa hilo ni rahisi kulifanya, kwa sababu neno fanta limekuwa jina la kila soda. Mtu huingia dukani akaagiza fanta, muuzaji akamuuliza ni fanta gani, naye akajibu bila kucheka kwamba anataka fanta ya Coca-Cola.

Wapo watakaouliza: chupa tupu iliyotoka kwenye taka ina faida gani, hata mtu mzima apoteze muda kutafuta mwaka wake? Nami ningeuliza hivyo hivyo, kabla chupa moja haijaniweka mbele ya wazee nikiwa na neno moja tu la kusema, na neno lenyewe halikuwa na faida kwangu.

Shimo la taka mpakani

Nilizaliwa katika makazi ya wakimbizi ya Katumba nchini Tanzania, wakati huo yakiwa mkoa wa Rukwa, sasa Katavi, na huko ndiko nilikosoma. Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972. Tulirejea mwaka 2009, katika wimbi la wakimbizi wa 1972 waliorudi kwa hiari. Katika miaka miwili tu, 2008 na 2009, zaidi ya watu 50,000 walirudi kutoka Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Kiwanja cha babu, kwenye mteremko wa Mushasha, tulikikuta kina watu. Familia nyingine ilikuwa imeishi hapo zaidi ya miaka 30, imezaa hapo na imezika hapo. Wazee wa upatanishi, ambao kwa Kirundi tunawaita abashingantahe, walikaa nasi mara kadhaa, na mwisho pande zote mbili zikakubali kugawana. Kilichobaki bila jibu ni ukanda wenye upana wa hatua nane hivi, wenye mparachichi mmoja mkubwa.

Baba yangu, kabla hajafariki dunia, alikuwa akisisitiza kwamba shimo la taka la rugo la babu lilikuwa chini ya mparachichi. Jirani yetu, mama mjane, alisema shimo hilo walilichimba yeye na mumewe walipokuwa wakijenga, baada ya 1972.

Wazee walitafakari, kisha wakasema jambo la busara: chimbeni tuone kilichomo. Ikiwa taka ni za kabla ya 1972, ukanda ni wenu. Ikiwa ni za baadaye, ukanda ni wa mama.

Tulichimba. Tukapata majivu, vigae vya vyungu, mifupa ya mbuzi na chupa nne. Tatu zilikuwa vipande visivyo na kitako wala mdomo. Ya nne, iliyokuwa chini kabisa, ilikuwa nzima. Ilikuwa ya kijani, haina jina lolote, na kitakoni ilikuwa na tarakimu.

Nitairudia chupa hiyo. Kwanza, ndugu msomaji, tuone namna chupa inavyosomwa, maana kila kiungo chake kina habari yake.

Anzia mdomoni

Karibu kila chupa ya soda unayoweza kuiokota iliumbwa ndani ya kalibu, yaani umbo la chuma lenye pande mbili zinazofunguka kama mlango. Pande hizo zinapokutana huacha mstari mwembamba ubavuni mwa chupa. Tuuite mshono.

Pitisha ukucha juu ya mshono huo, ukianzia kitakoni na kupanda hadi shingoni. Kama mshono unapotea kabla ya kufika mdomoni, chupa hiyo ilipulizwa kwa mdomo wa binadamu. Fundi alipuliza kioo cha moto ndani ya kalibu kwa bomba refu, akaikata chupa kutoka kwenye bomba, kisha akaufinyanga mdomo kwa kifaa kingine. Kazi hiyo ya mwisho ndiyo iliyofuta mshono.

Kama mshono unapanda hadi juu ya mdomo wenyewe, chupa hiyo ilitengenezwa na mashine. Mashine ya kwanza iliyofanya kazi yote bila kuhitaji mpulizaji iliingia kazini mwaka 1903, nayo ni ya Mmarekani Michael Owens, wa mji wa Toledo. Kufikia miaka ya 1920, viwanda vikubwa vya Marekani na Ulaya vilikuwa vimewaacha wapulizaji wengi bila kazi.

Kwa hiyo ukucha peke yake unakuambia kama chupa ni ya upande huu au upande ule wa mwanzo wa karne ya 20. Tahadhari moja: baadhi ya chupa za mashine zililainishwa kwa moto mdomoni, na mshono wake ni hafifu sana. Igeuze chupa kwenye mwanga wa jua la jioni kabla hujatoa hukumu.

Angalia pia mwili wenyewe. Chupa ya kupulizwa mara nyingi ina mapovu ndani ya kioo, ukuta wake ni mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine, na ukiisimamisha mezani huenda ikainama kidogo kama mlevi. Chupa ya mashine husimama wima.

Kizibo nacho kina historia

Soda si maji. Ina gesi inayosukuma kutoka ndani, na kwa zaidi ya miaka 100 watengenezaji walihangaika kutafuta kizibo kitakachoizuia. Kila jibu walilolipata liliacha umbo lake kwenye chupa.

Jibu la zamani lilikuwa kizibo cha gome la mti wa koki. Gome hilo likikauka hunywea, na gesi hutoroka. Ndiyo maana mwanzoni mwa karne ya 19 William Hamilton alipata hataza ya chupa yenye kitako cha mviringo kama yai. Chupa hiyo haiwezi kusimama. Inalazimika kulala, na ikilala kinywaji hulowesha kizibo muda wote.

Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alikuja na chupa yenye gololi ya kioo ndani ya shingo. Gesi yenyewe ndiyo iliyoisukuma gololi juu ikaziba mdomo kwenye pete ya mpira. Mnywaji aliisukuma chini kwa kidole. Unaweza kuitambua hata ikiwa kipande, kwa sababu shingo yake imebanwa kama kiuno ili gololi isianguke. Watoto wa huko walizivunja ili wapate gololi za kuchezea, na ndiyo sababu zilizobaki nzima ni chache. Hata hivyo usiseme kila chupa ya gololi ni ya kale: nchini India soda ya namna hiyo, iitwayo banta, ingali ikiuzwa, na Japan wana kinywaji chao kiitwacho Ramune.

Mwaka 1875 ilipatikana hataza ya kizibo kilichofungwa kwa waya, kinachobanwa na kufunguliwa kwa kidole gumba. Wajerumani walikipenda sana, wakakitengeneza kwa kauri. Aidha, kabla ya kioo kushika soko, maji yao ya chemchemi, hasa yale ya Selters, yalisafirishwa katika chupa za udongo wa kuchoma zenye mkono mmoja na muhuri ubavuni.

Kwa hiyo mwanafunzi anayetaka chupa ya Wajerumani wa Kitega, ambao walijenga boma lao hapa mwaka 1912, asitafute Fanta. Atafute mdomo mnene wenye vishimo viwili vya kushikilia waya, au chupa ya udongo yenye muhuri.

Jibu lililoshinda majibu yote lilitoka Baltimore, Marekani, mwaka 1892. William Painter alipata hataza ya kizibo cha bati chenye meno kuzunguka ukingo, ambacho tunakifungua hadi leo, wengine kwa opena na wengine kwa meno yao wenyewe. Kizibo hicho kinahitaji mdomo mwembamba wenye ukingo mdogo wa kuking'ang'ania. Chupa yenye ukingo huo haiwezi kuzidi umri wa kizibo chenyewe.

Na kizibo kikipatikana kando ya chupa, usikitupe. Vile vya mwanzo vya Painter vilikuwa na meno 24, vya leo vina 21. Geuza uone ndani: cha zamani kina kisahani cha gome la koki, cha sasa kina plastiki.

Maandishi ya kuchongwa na ya kupakwa

Maandishi kwenye chupa ni ya aina mbili. Yapo yaliyotoka na kioo chenyewe, yameinuka kiasi kwamba kipofu anaweza kuyasoma kwa kidole. Yapo pia yaliyopakwa kwa rangi na kuchomwa tanuruni hadi ikashikamana na kioo. Rangi ya kuchomwa ilianza kutumika kwa chupa za soda nchini Marekani katika miaka ya 1930. Chupa yenye jina la rangi, hata ikififia namna gani, ni ya miaka hiyo au baada yake.

Kama maandishi yaliyoinuka hayasomeki, paka majivu makavu juu yake kisha futa taratibu kwa kiganja. Majivu hubaki pembeni mwa herufi. Njia nyingine ni ile wanafunzi wanayoitumia kunakili sarafu: weka karatasi nyembamba juu ya maandishi, sugua kwa ubavu wa penseli.

Ukikuta tarehe, usishangilie mapema. Chupa ya Coca-Cola yenye mwili wa mawimbi ilichorwa mwaka 1915 katika kiwanda cha Root Glass, mji wa Terre Haute, Marekani, na umbo lake lilitokana na picha ya tunda la kakao. Hataza yake ilitolewa Novemba 16, 1915, na tarehe hiyo iliandikwa juu ya chupa. Lakini iliendelea kuandikwa kwenye chupa za miaka ya 1920. Hataza ya pili ni ya Desemba 25, 1923, nayo pia iliandikwa kwenye chupa za miaka iliyofuata. Tarehe hizo zinasema ni lini umbo lilisajiliwa. Hazisemi ni lini chupa iliyo mkononi mwako ilitoka tanuruni.

Majina ya miji hayasemi uongo

Kwetu sisi wa Maziwa Makuu, ushahidi mzuri kuliko tarehe ni majina, kwa kuwa nchi zetu na miji yetu imebadilishwa majina mara nyingi.

Chupa, kizibo au kreti yenye neno Usumbura ni ya kabla ya uhuru wa Julai 1962, kwa sababu baada ya hapo mji uliitwa Bujumbura. Ruanda-Urundi nayo ilikoma siku hiyo hiyo, na Kitega ikawa Gitega. Léopoldville ilikuwa Kinshasa mwaka 1966. Neno Zaire linaanzia Oktoba 1971 na kuishia Mei 1997. Tanganyika iliungana na Zanzibar mwaka 1964, na jina Tanzania likafuata mwaka huo huo.

Kiwanda cha bia na soda cha Brarudi kilianzishwa Usumbura mwaka 1955. Kabla ya hapo kinywaji cha chupa kilichofika vilima vya Gitega kilitoka mbali. Miaka ya 1980 Bujumbura ilikuwa pia na kiwanda chake cha chupa, Verrundi, na nyingi kati ya hizi tunazozikanyaga mashambani ni za miaka hiyo na iliyofuata.

Vipimo navyo vinasema. Mbelgiji alipima kwa sentilita, hivyo chupa zetu zina cl. Chupa yenye aunzi, kipimo cha Mwingereza, ilivuka mpaka kutoka Tanganyika, Uganda au Kenya, au ilikuja kwa meli. Nchi hizo ziliacha vipimo vya Kiingereza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Rangi inasaidia, ila kidogo. Kijani ni chuma kilichomo ndani ya mchanga uliotengeneza kioo, na kipo katika chupa za kila zama. Rangi ya kuangaliwa ni zambarau hafifu. Watengenezaji wa mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 waliongeza manganizi ili kioo kiwe cheupe, na manganizi hiyo ikikaa juani miaka mingi hugeuka zambarau. Kioo cheupe kilichopata rangi hiyo kikiwa porini mara nyingi ni cha kabla ya 1920 hivi.

Tarakimu za kitakoni

Sasa nirudi kwenye shimo letu.

Chupa ile ya kijani ilikuwa na mshono uliofika juu ya mdomo, na ukingo wa kizibo cha bati. Kwa hiyo ilikuwa ya mashine, jambo lisilosaidia upande wowote. Jina halikuwapo. Tulipoifuta matope kitakoni tukasoma: 3, kisha 25 cl, kisha 58.

Mdogo wangu ndiye aliyeruka wa kwanza. Mwezi wa tatu, mwaka 1958! Enzi za Mbelgiji, babu akiwa hai, miaka 14 kabla ya wazazi wetu kukimbia. Mzee mmoja aliipokea chupa, akaisoma, akaitikia kwa kichwa. Mama jirani hakusema neno. Aliketi kwenye mzizi wa mparachichi akiangalia mikono yake.

Wazee walisema watarudi kesho yake kutoa uamuzi. Chupa nikabaki nayo mimi, kwa kuwa ni mwalimu.

Usiku niliiloweka katika maji ya sabuni na kuisugua kwa mswaki wa zamani. Udongo mgumu uliokuwa umejaza herufi ukatoka. Baada ya tarakimu 58 zikajitokeza herufi mbili ndogo: mm. Na ile 3 ya mwanzo, nilipoiweka karibu na taa, haikuwa 3. Ilikuwa herufi ya Kigiriki iitwayo epsilon, iliyogeuzwa ikatazama nyuma.

Alama hiyo nilikuwa nimeisoma nilipotayarisha somo la vipimo. Desemba 1974 Jumuiya ya Ulaya ya wakati huo ilipitisha agizo, linalojulikana kwa namba 75/107, kuhusu chupa zinazotumika kama vipimo. Chupa iliyotimiza masharti inawekwa epsilon iliyogeuzwa, yenye urefu usiopungua milimita 3. Inaandikwa ujazo wake, kwa mfano 25 cl. Na inaweza kuandikwa umbali wa kutoka ukingo wa juu wa mdomo hadi mahali kinywaji kinapofika, kwa milimita.

Basi 58 haikuwa mwaka. Ilikuwa nafasi tupu juu ya soda. Na alama iliyo kando yake haikuwapo duniani kabla ya agizo la Desemba 1974. Chupa ile ilitengenezwa zaidi ya miaka miwili baada ya wazazi wangu kuvuka mpaka.

Nilikaa nayo mezani muda mrefu. Nyumba nzima ilikuwa imelala. Katika mtaa mzima hakuna aliyekuwa akijua epsilon ni nini, na ningeweza kuijaza udongo tena kwa kidole. Niliwaza pia habari za baba, aliyetusimulia mparachichi huo jioni nyingi kule Katumba. Nilijua kwamba hakutudanganya. Alikuwa kijana alipoondoka, na mahali penye mti mmoja, katika nusu karne huota mingine.

Asubuhi niliwaonyesha wazee herufi mm, nikawaeleza alama ile. Mzee aliyeitikia kwa kichwa jana yake aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba nina hakika.

Chupa inasema nini, na haisemi nini

Mdogo wangu hakukubali haraka, na hoja yake ilikuwa nzuri. Alisema: huenda babu alichimba shimo, na hawa waliokuja baadaye wakatupa chupa yao humo humo.

Hapo ndipo inapobidi kuelewa jambo moja ambalo wachimbuaji wa mambo ya kale hulishika kama sheria. Chupa haikuambii shimo lilifungwa lini. Inakuambia kwamba taka zilizo pamoja nayo, na zote zilizo juu yake, hazikuweza kutupwa kabla chupa haijatengenezwa. Chupa ya juu ingeweza kutupwa katika shimo la zamani. Lakini yetu ilikuwa chini kabisa, imelalia udongo mgumu ambao haujawahi kuguswa na jembe. Majivu, vigae na mifupa yote vilikuwa juu yake. Hakukuwa na taka ya babu chini yake.

Upande wa pili wa sheria hiyo ni kwamba chupa inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko shimo, tena kwa miaka mingi. Chupa ya soda haikununuliwa ikatupwa. Ilirudishwa kwenye kreti, ikaoshwa, ikajazwa tena, na kuzunguka hivyo miaka na miaka. Utaijua chupa iliyozunguka sana kwa pete nyeupe za mikwaruzo mabegani na kitakoni, mahali ilipokuwa ikigongana na wenzake. Ikitoka kwenye mzunguko huo haipumziki. Huwekwa mafuta ya taa, asali, samli au dawa ya ng'ombe. Mtu anaweza leo kutupa chupa aliyoirithi kwa bibi yake.

Kwa hiyo chupa ya 1958 katika shimo letu isingethibitisha kitu peke yake. Mama angeweza kuwa ameitupa yeye mwaka 1985. Tulikuwa tumeshangilia ushahidi ambao, hata kama tungeusoma sawasawa, usingetosha. Chupa changa iliyo chini kabisa ina nguvu kuliko chupa kongwe iliyo juu.

Kabla hujachimba

Nawasihi wazazi na walimu wasiwageuze watoto kuwa wachimbaji. Chupa nyingi hazihitaji kuchimbwa, mvua inazitoa yenyewe. Kioo kilichovunjika ardhini kinakata, na jeraha lenye udongo huleta pepopunda. Kimiminika kilichofungwa ndani ya chupa ya zamani kisifunguliwe wala kunuswa. Aidha, nchi yetu ilipita katika vita kuanzia 1993, na kitu cha chuma kilichozikwa huenda kikawa guruneti. Ukikiona, acha hapo hapo, rudi ulikotokea, toa taarifa.

Lipo jambo zito zaidi. Si kila shimo la Gitega ni la taka. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano, CVR, ilifukua makaburi ya pamoja karibu na mto Ruvubu, upande wa Karusi, na ikatangaza kupata mabaki ya watu zaidi ya 6,000. Baadhi walitambuliwa na jamaa zao kwa nguo, miwani na rozari zilizokutwa nao. Ukiokota kitu kikatokea na mfupa wa mtu, usikihamishe hata hatua moja. Mahali kilipolala huenda ndipo penye jina la ndugu wa mtu.

Na kwa chupa ya kawaida, fanya mambo matatu. Andika ulipoiokota, kina chake na vilivyokuwa pamoja nayo, kabla hujaiosha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu, na kwa ndani tikisa punje za mchele badala ya mchanga, kwa sababu mchanga unakwaruza. Usiitupe karatasi yenye maelezo, kwani chupa isiyojulikana ilikotoka ni kioo tu. Ukipata kitu usichokielewa kabisa, Makumbusho ya Taifa yapo hapa hapa Gitega tangu 1955, na hayako mbali na Mushasha.

Wazee wetu walitoa uamuzi siku ile ile, chini ya mparachichi. Ukanda wa hatua nane ni wa mama. Mdogo wangu hakuzungumza nami kwa wiki mbili, kisha akaja kuniomba msumari wa kugongea uzio wa mpakani.

Mama mwenyewe hakunishukuru, na sikutarajia. Alichosema, akiwa ameshika chupa ile na kuigeuza geuza, ni kwamba anaikumbuka. Mumewe aliileta kutoka Bujumbura siku waliyomaliza kuezeka nyumba, soda moja kwa watu watano, wakanywa kwa zamu. Kisha akanirudishia.

"Kaa nayo, mwalimu," alisema. "Wewe ndiye unayejua kusoma."

Iko darasani, juu ya rafu, kitako kikitazama wanafunzi. Kila mwaka nawauliza wasome mwaka uliotengenezwa. Kila mwaka darasa zima hujibu kwa sauti moja: 1958.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa shule mjini Gitega.